Kokoto za Kuchujia Maji ya Samaki

Siku ya tatu baada ya kutoka kumzika baba, nikiwa bado na kichwa kilichonyolewa kwa wembe kama ilivyo desturi yetu, nilibeba kitanda changu cha chuma cha enzi za ujana hadi kwa fundi wa kuchomelea vyuma, mjini Shinyanga, nikamwomba akikate vipande kumi na viwili. Hakuuliza kwa nini. Alikitazama kichwa changu, akakitazama kitanda, akawasha mtambo wake. Nadhani aliona ni jambo la msiba.

Huenda lilikuwa la msiba, ila wakati ule nisingekubali. Nilikuwa nataka kutengeneza tangi la samaki. Nilikuwa mwalimu wa baiolojia, nina shahada ya Chuo Kikuu niliyoitundika sebuleni, na tangu nilipomaliza masomo nilikuwa nikisema siku moja nitafuga samaki ndani ya kioo. Kwa nini siku hiyo ikawa ile, sijui. Ninachokumbuka ni kwamba wajomba zangu walipokuwa wanafukia kaburi, pale pembeni ya zizi la ng'ombe, nilikuwa nahesabu makoleo. Watu walilia. Mimi nilikuwa kama mguu uliokaliwa muda mrefu: upo, unauona, ukiugusa ni wa mtu mwingine.

Mke wangu aliliona hilo kabla yangu. Alikuwa muuguzi wa wodi ya wazazi, mtu wa kwao Geita, Mzinza, mwenye macho ya kuona homa ya mtu kabla ya kumgusa. Hatukuwa na mtoto, kwa hiyo hatukuwa na jina la kuitana kama Mama nani au Baba nani. Yeye aliniita Mwalimu, mimi nilimwita Nesi. Tuliporudi kutoka msibani aliniuliza mara moja tu, tukiwa tunapanga vyombo: "Mwalimu, utalia lini?" Nikamjibu kwamba bado sijapata kioo.

Kioo kilipatikana kwa Muhindi muuza vitambaa. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini na madukani hakukuwa na kitu. Kabati lake la vioo la mbele ya duka lilikuwa tupu kiasi kwamba paka wake alikuwa analala humo.

"Chukua, Mwalimu," aliniambia. "Mimi naonyesha nini humo? Hewa? Wewe utaonyesha nini?"

"Samaki."

"Wa kuuza?"

"Wa kutazama."

Alitikisa kichwa kwa masikitiko. "Basi wewe tajiri kuliko mimi."

Leo kijana akitaka tangi anaingia dukani Mwanza, anatoka na tangi, pampu, taa na jumba la plastiki la kuwafurahisha samaki. Sina kinyongo naye. Lakini hatajua kamwe mambo niliyojifunza kuhusu puti. Kitabu kimoja cha maktaba ya shule kilieleza kwamba puti ya kushikia kioo hutengenezwa kwa unga wa chokaa na mafuta ya kitani. Chaki nilikuwa nazo, ni kitendea kazi changu. Kitani hakikuwepo nchi nzima, lakini sisi tulikuwa kwenye nchi ya pamba, na mafuta ya pamba ndiyo yaliyokuwa yakitukaangia kila kitu. Nikaamua, kwa mamlaka ya shahada iliyokuwa ukutani, kwamba mafuta ni mafuta. Nilisaga chaki boksi mbili, nikakanda, nikapachika vioo vinne na cha chini, nikasubiri wiki puti ikauke.

Mafuta ya pamba hayakauki namna hiyo. Nilimimina debe la tatu la maji na kioo cha mbele kikaanza kutembea taratibu, kwa adabu, kama mtu anayeomba njia. Nesi alirudi kutoka kazini akanikuta nimekaa sakafuni katikati ya maji, chaki hadi viwikoni.

Alisimama mlangoni. "Chupa imepasuka, Mwalimu," alisema, kwa sauti ile ile ya wodini. "Sukuma."

Tulicheka. Naitaja siku hiyo kwa sababu ndiyo ya mwisho ninayokumbuka tukicheka kitu kimoja kwa wakati mmoja.

Mara ya pili nilitumia lami. Watu wa barabara walikuwa wameacha mapipa nje ya mji, nikakwangua masalia, nikayeyusha kwenye kopo, nikapaka kona zote. Nyumba ilinuka barabara kwa mwezi mzima, ila tangi halikuvuja tena. Hewa ya samaki niliipata kwenye tyubu ya lori. Kila asubuhi kabla ya kwenda shule niliijaza kwa pampu ya baiskeli, mipigo mia mbili, nikaweka jiwe juu yake ili isukume. Hewa ilipita kwenye mpira mwembamba hadi chini ya maji, ikatokea kwenye kipande cha shina la katani kilichokaushwa, chenye vitundu vidogo visivyoonekana. Tatizo likawa kwamba hewa yote iliisha kabla ya saa nne. Nilijaribu kuubana mpira kwa kibanio cha nguo, kwa msumari uliopindwa, kwa uzi. Siku moja nikakuta mezani kile kigurudumu cha plastiki cha kubania mpira wa dripu, kimeoshwa na kuchemshwa. Nesi alikuwa amekitoa wodini. Nilikifunga, nikakigeuza kidogo kidogo, na mapovu yakawa yanatoka moja moja hadi ninaporudi kula mchana. Nilikishukuru kile kifaa kuliko nilivyomshukuru aliyekileta.

Nywele zangu zilikuwa zimeota tayari aliponiambia. Nilikuwa nimepiga magoti mbele ya tangi, ndani yake perege wanne wa lambo wasio na rangi yoyote ya maana.

"Nimeomba kuhamia Geita. Wamekubali."

"Lini?"

"Mwisho wa mwezi huu. Kule wachimbaji wanazidi kumiminika, wodi imejaa. Na shule yao haina mwalimu wa baiolojia. Nimeuliza."

Nikasema ni vizuri.

"Nisikilize, Mwalimu. Acha hiyo pampu. Sikuachi, nakutangulia. Muhula wa pili unafunguliwa Julai. Nitakungoja mpaka hapo. Ukija, tunaanza upya kule. Usipokuja nitakuwa nimeelewa, na sitakuuliza tena."

"Nitaandika barua ya uhamisho."

"Andika leo."

"Kesho."

Alichukua cherehani, sanduku moja na nusu ya vyombo, akiwa makini kunigawia sahani zilizo nzima. Nilimsindikiza hadi kwenye basi. Nilijua wazi kilichokuwa kinaamuliwa. Nataka hilo lieleweke, kwa sababu watu hupenda kusema hawakujua. Nilijua kwamba nina ndoa moja na miezi minne, na kwamba kinachotakiwa ni karatasi moja, bahasha moja na stempu moja. Nilirudi nyumbani nikatengeneza mfuniko wa tangi.

Kesho ile ilichukua wiki sita. Sina maelezo. Sikuwa nimeamua kubaki, wala sikuwa na mwanamke mwingine, jambo ambalo majirani wangelielewa na kulisamehe. Kila jioni niliweka karatasi mezani, kisha nikakumbuka kwamba taa ya tangi inahitaji kibati cha kuakisi mwanga.

Sikukuu ya Pasaka alikuja. Alitoka Geita alfajiri, akavuka kivuko, akabadili magari mawili, na safari nzima alikuwa amepakata dumu la maji lililokatwa juu na kufungwa kitambaa. Ndani mlikuwa na furu watatu wa ziwani: mmoja wa buluu mwenye mkia mwekundu kama kaa la moto, na majike wawili wa rangi ya majivu. Alikuwa amewanunua kwa wavuvi waliokuwa wanataka kuwafanya chambo. Mikono yake ilikuwa imekakamaa kwa kushikilia.

"Nimewaletea perege zako wageni," alisema.

Nikatia kidole kwenye dumu. "Maji yalikuwa na joto kiasi gani ulipowachukua?"

Halafu akavua viatu, akakaa, akasema hajui, ya ziwa tu.

Usiku ule tulilala kama abiria. Asubuhi alitoa karatasi na kalamu kwenye mkoba wake, akaniamuru nikae. Alisema neno kwa neno na mimi nikaandika: yah, ombi la uhamisho, kwa sababu za kifamilia. Aliisoma, akanisahihisha tarehe, akaenda kuipeleka mwenyewe kwa mkuu wa shule kabla ya kupanda gari. Hivyo barua ilikwenda. Ingekuwa haki dunia ingeniachia hapo.

Lakini furu si perege. Perege wa lambo anaishi kwenye uji wa tope na anashukuru. Furu walianza kupanda juu kuhema, maji yakawa na ukungu. Walihitaji chujio la kweli. Nilitoboa ndoo ya plastiki, nikapanga pamba, juu yake mkaa uliopondwa, na juu ya mkaa zilitakiwa kokoto safi za ukubwa tofauti, kubwa juu, ndogo chini. Shinyanga mjini udongo ni ule mweusi wa mbugani, mvua ikinyesha unakuwa gundi, jua likiwaka unakuwa tofali. Kokoto safi hakuna.

Wiki hiyo hiyo nilisafiri na lori la shule kwenda kufuata mahindi upande wa Kishapu. Lilipofika Songwa rejeta ilichemka tukasimama. Nilishuka kujinyoosha, na kwenye korongo kavu kando ya barabara nikaziona: kokoto za mviringo, zilizooshwa na mvua za miaka, kila ukubwa. Nilijaza ndoo mbili.

Dereva alikuwa ameegemea boneti. "Mwalimu, hizo ni kokoto za Songwa."

"Naona."

"Mimi sijaona," alisema, akageukia upande wa pili.

Hapa msomaji wa mbali anahitaji kujua jambo ambalo kila mtoto wa kwetu analijua kabla ya kujua kufunga vifungo. Songwa ni jirani na mgodi mkubwa wa almasi. Katika nchi ile kokoto si kokoto. Ukiokota jiwe unalirudisha, ukikutwa nalo mfukoni unaeleza, na ukikutwa unaosha, hueleweki tena. Mimi nilizaliwa na kukulia Shinyanga. Nilikuwa nimeonywa na bibi, na baba, na walimu wangu wote. Na nilikuwa na shahada. Nikapakia ndoo zangu juu ya magunia ya mahindi, nikaketi pembeni yake nikiwaza mkaa.

Jumamosi, mchana kweupe, uani kwangu, mtaani Ngokolo, niliziosha. Sitajitetea. Nilikuwa na machekeche matatu, la unga, la wavu wa dirisha na la chandarua. Nilikuwa na karai, nikizungusha maji ili vumbi litoke. Nilitandaza shuka jeupe juani, nikachuchumaa, na kwa koleo dogo la maabara nikawa nachambua kokoto moja moja, nikizitoa nyeusi, kwa sababu nilitaka sakafu ya tangi iwe na rangi moja. Ungemtuma msanii achore mwizi wa almasi, angechora hivyo, isipokuwa angeongeza ukuta wa kumficha.

Balozi wetu wa nyumba kumi alipita, akarudi, akaingia. Alikuwa mzee mfupi, mstaafu wa reli, aliyependa kazi yake ya ubalozi.

"Mwangaluka," alinisalimia kwa Kisukuma, kisha akahamia Kiswahili, ishara kwamba mambo ni ya serikali. "Mwalimu, habari za kazi?"

"Nzuri, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Unaosha nini?"

"Kokoto."

"Naona ni kokoto. Za nini?"

"Za samaki."

Alivuta pumzi. "Samaki wanakula kokoto?"

"Zinachuja maji yao, mzee. Yawe safi."

"Kwa hiyo maji ya samaki yanachujwa," alisema polepole, kama mtu anayeandika, "na sisi tunakunywa ya lambo." Akachuchumaa, akazitazama shukani. Mikono aliiweka nyuma. "Umezitoa wapi?"

Ningeweza kusema popote. "Songwa," nikasema.

Balozi aliinuka, magoti yakalia. "Ng'wanawane, mwanangu," alisema kwa upole wa kweli, "ungenidanganya ingekuwa vizuri. Sasa nimesikia."

Askari walikuja Jumatatu, wawili, wenye adabu. Hawakuniweka ndani. Walimwaga kokoto zote kwenye mfuko, pamoja na zilizokuwa tayari kwenye chujio, wakaufunga kwa lakiri, wakaandika "kokoto, ndoo mbili kasoro", nikasaini. Mmoja aliomba kuwaona samaki. Alimsifu yule wa buluu. Wakaniambia mzigo utapelekwa kwa wataalamu, na mpaka majibu yarudi nisitoke kwenye kituo changu cha kazi.

Siku mbili baadaye mkuu wa shule aliniita. Mezani kwake kulikuwa na karatasi mbili.

"Hii inasema uende Geita, wamekukubalia," alisema. "Hii inasema usiende popote. Laiti zingekuja kwa siku tofauti, ningekuwa nimeshakufukuza uende zako." Alikuwa mtu mwema, alijaribu kunichekesha. "Nimeuliza. Nafasi wataishikilia mpaka shule ifunguliwe. Sio zaidi. Mwandikie mkeo."

Nilitoka pale nikaenda darasani, nikafundisha figo. Nilifundisha vizuri kuliko siku nyingi. Mwanafunzi mmoja aliuliza swali, nikachora ubao mzima.

Nilimwandikia. Nilijaribu kuiandika barua hiyo mara nyingi na kila mara ilitoka vile vile: nimezuiliwa kuja kwa sababu ya kokoto za kuchujia maji ya samaki uliowaleta. Hakuna namna ya kuisema sentensi hiyo ikasikika kama ya mtu anayempenda mtu. Jibu lake lilikuwa fupi. Alisema ameisoma mara mbili akidhani ameruka ukurasa. Alisema anasubiri, Julai bado.

Nikaendelea kupiga pampu. Bila chujio ilibidi nibadilishe maji kwa ndoo, ndoo mbili kila siku ya pili, kiangazi cha Shinyanga, wakati kina mama walikuwa wanapanga foleni bombani tangu jogoo wa kwanza. Walinisogezea nafasi, kama anavyosogezewa mgonjwa. Jike mmoja alikufa. Wenzake waliishi vizuri tu. Julai ilifika, shule zikafunguliwa, Geita wakapata mwalimu wa baiolojia kutoka Tabora, na mimi nikasahihisha mitihani.

Majibu ya wataalamu yalirudi Agosti, pamoja na mfuko na lakiri yake. Kokoto zimechunguzwa na hazina kitu chochote chenye thamani. Sasa nilikuwa huru kwenda popote, kwa hiyo nikaenda. Balozi alikubali kupiga pampu siku hizo. Alisema anataka kukaa karibu na hao walioleta serikali mtaani.

Nilifika Geita mchana, mwekundu kwa vumbi. Mjini kulikuwa na vijana wengi wenye makoti mazito na macho mekundu, wachimbaji, wakizungumza Kiswahili cha kila pembe ya nchi. Hospitalini walimwita Nesi. Alitoka akifuta mikono, akanisalimia, akaniketisha kwenye benchi la wanaosubiri, akamwagiza mtu alete chai. Alikuwa amenenepa kidogo. Alipendeza.

Nilimpa karatasi ya majibu. Aliisoma yote, hadi mhuri.

"Kwa hiyo ni kweli," alisema. "Walikuzuia."

"Ni kweli."

"Mama alisema umetunga. Nikamwambia hawezi, hana hiyo akili ya kutunga." Akaikunja karatasi, akanirudishia. "Mwalimu, nikuulize kitu kimoja, kisha nirudi kazini, nina mtu yuko karibu kujifungua. Siku ile mkuu wako alipokuambia huwezi kuondoka, ulisikia nini?"

Nilikuwa na majibu mengi mazuri. Nilikuwa nimeyaandaa kwenye kivuko. Lakini alikuwa ananitazama kwa yale macho ya kuona homa, na kwa mara ya kwanza tangu kaburini kwa baba niliulizwa swali ambalo jibu lake nilikuwa nalijua.

"Nafuu," nikasema. "Nilisikia nafuu."

Aliitikia kwa kichwa, mara kadhaa, kama anavyoitikia mgonjwa anapotaja mahali panapouma. Hakulia. Wala mimi.

"Asante kwa kuniambia," alisema. "Ningekaa miaka nikilaumu kokoto."

Ndani mtu aliita, naye akaingia. Chai ililetwa na mhudumu, ya maziwa, yenye sukari, kitu adimu wakati ule. Niliinywa yote. Nilipomaliza nikapeleka kikombe jikoni, nikauliza magari ya kurudi yanaondokea wapi, wakanionyesha.